Mapafu Hayanenepi

Mtu akinenepa, damu huongezeka mwilini, moyo hukua, mishipa hurefuka kufuata nyama mpya. Mapafu hayaongezeki. Mwanamke aliyekuwa na kilo 55 akiwa binti, akafika 130 akiwa mama wa watoto wanne, anapumua kwa mapafu yaleyale ya ubinti wake. Ukilisema jambo hili linaonekana dogo, la mtoto wa shule. Lakini nimefanya uuguzi wa wagonjwa mahututi Dar es Salaam kwa miaka mingi, na nimeona watu waliosoma sana wakilisahau pale kengele za mashine zinapoanza kulia.

Nitaeleza habari za mgonjwa mmoja, kwa kuwa karibu yote ninayoyajua kuhusu unene, pumzi na moyo yalikutana kwenye kitanda chake. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, mwenye miaka arobaini na kitu, mtu wa maneno hata akiwa anahema. Aliletwa kwetu jioni kutoka wodi ya kawaida, nimonia imeshika mapafu yote mawili. Alikuwa na barakoa ya oksijeni usoni, na bado kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilisoma 84. Wahudumu walikuwa wamemlaza chali kwenye machela, naye ameshika vyuma vya pembeni kwa mikono miwili, anajivuta kuinuka.

"Nikalisheni, wanangu. Nikalisheni."

"Mama tulia, utaanguka."

Nilipandisha kichwa cha kitanda hadi mwisho wake, tukamvuta juu, miguu tukaishusha. Kabla hatujabadilisha kitu kingine chochote, namba ikapanda hadi 89.

Mlaze mtu mwembamba chali, umwekee gunia la mchele juu ya tumbo, kisha umwambie avute pumzi. Ndivyo anavyoishi mtu mnene kila anapolala. Tumbo linasukuma kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo, kinapanda juu na kuyabana mapafu kwa chini. Kwa kawaida, ukimaliza kutoa pumzi, mapafuni hubaki hewa ya akiba, na akiba hiyo ndiyo inayoilisha damu oksijeni kati ya pumzi moja na nyingine. Kwa mtu mnene akiba hupungua hata akiwa amesimama. Akilala chali inapungua zaidi, na akipewa dawa za usingizi zinazolegeza misuli inapungua mno. Njia ndogo za hewa hujifunga kabla pumzi haijaisha kutoka, vifuko vya hewa vya chini na nyuma husinyaa, na damu inayopita hapo hurudi moyoni bila kuokota oksijeni yoyote. Unaweza kumfungulia oksijeni yote iliyomo kwenye mtungi. Haitafika mahali palipofungwa. Mgonjwa mnene anayekataa kulazwa chali hana ukaidi, na natamani kila anayesukuma machela nchini aambiwe hivyo siku ya kwanza ya kazi.

Saa mbili usiku ilikuwa wazi kwamba anachoka. Alipumua mara 40 kwa dakika, na maneno yake yalikuwa yamekwisha, jambo lililonitisha kuliko namba. Daktari wa usingizi aliyekuwa zamu, mama mtu mzima aliyekuwa amefundisha nusu ya madaktari tunaofanya nao kazi, akasema tuweke bomba la kupumulia. Halafu hakugusa bomba. Alitumia muda mrefu kwenye mito. Tulikunja mashuka na mablanketi, tukayapanga chini ya mabega na kichwa mpaka tundu la sikio likawa usawa mmoja na sehemu ya juu ya mfupa wa kidari. Yeye alisimama pembeni akiangalia mstari huo, akatuambia tuongeze shuka moja, akaangalia tena. Akiwa katika mkao ule mgonjwa akajazwa oksijeni kwa barakoa iliyobana vizuri, dakika kadhaa, bila haraka.

Daktari alikuwa na sababu ya kuwa makini namna hiyo. Mtu mzima mwenye afya aliyejazwa oksijeni sawasawa anaweza kukaa dakika nane hivi bila kupumua kabla oksijeni ya damu haijaporomoka. Kwa mwenye unene mkubwa muda huo hushuka hadi chini ya dakika tatu, na hiyo ni kwa mtu aliyekuja kufanyiwa upasuaji wa kupangwa. Mwenye nimonia juu ya unene ana sekunde tu. Bomba liliingia mara ya kwanza, na hata hivyo namba ilikuwa imeshafika 79 tulipoanza kusukuma hewa.

Sasa moyo. Mkanda wa kawaida wa presha ulisoma 112, na kijana mmoja akashusha pumzi. Daktari akaniuliza, "Sista, huo mkanda ni wa saizi gani?" Puto lililo ndani ya mkanda linatakiwa kuzunguka asilimia 80 ya mkono. Likiwa fupi, mashine hulazimika kubana kwa nguvu zaidi kabla mshipa haujafunga, na namba inatoka kubwa kuliko ukweli. Nilileta mkanda mpana tunaotumia pajani. Ukasoma 88. Noradrenalini, dawa ya kupandisha presha, ilikuwa imeshaandaliwa kwenye pampu, tukaianzisha hapohapo.

Presha ilishuka kwa sababu inayoeleweka, na ukiielewa huogopi. Moyo wa mtu mnene umefanya kazi ya ziada kwa miaka. Damu ni nyingi, nyama ya kulishwa ni nyingi, hivyo kila dakika unasukuma lita zaidi. Ukuta wa chumba cha kushoto huongezeka unene na kukakamaa, na chumba kilichokakamaa hakijai mpaka damu iingie kwa msukumo. Kisha tunakuja sisi na bomba. Mtu anapopumua mwenyewe kifua huvuta, na mvuto ule huingiza hewa mapafuni na kurudisha damu moyoni kutoka miguuni na tumboni. Mashine yenyewe husukuma. Shinikizo la kifuani linapanda, damu inayorudi inapungua, na moyo uliozoea kujazwa kwa nguvu unapokea kidogo. Dawa za usingizi nazo hulegeza mishipa. Ndiyo maana kwa mgonjwa wa aina hii dawa ya kupandisha presha hukaa tayari kabla ya bomba, na wala si jambo la kukimbilia kabatini baadaye.

Ikafika zamu ya kupanga mashine. Kilo 130 zilitoka kwenye kadi yake ya kliniki ya presha, na daktari kijana aliyekuwa mafunzoni akazizidisha kwa 6, akaandika mililita 780 kwa kila pumzi. Daktari mkubwa aliangalia karatasi akamuuliza kwa upole, "Mapafu ya nani haya?"

Natembea na futi ya fundi cherehani kwenye mfuko wa sare. Nilimpima kutoka utosini hadi kisigino, nikipitisha futi ubavuni kwa vipande kwa kuwa alikuwa ameinuliwa: sentimita 162. Kanuni ya mwanamke inaanza na 45.5, unaongeza 0.91 kwa kila sentimita inayozidi 152.4. Kwake ilitoa kilo 54, ambao ndio uzito mapafu yake yanaoutambua. Mara 6 ni mililita 325 hivi. Zile 780 zingekuwa zaidi ya mara mbili, zikisukumwa kwenye mapafu ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa imefungwa, kwa hiyo zote zingeishia kwenye vifuko vichache vilivyobaki wazi na kuvichana. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 861 wenye mapafu yaliyojeruhiwa: waliopewa mililita 12 kwa kilo walikufa asilimia 39.8, waliopewa 6 walikufa asilimia 31. Kilo zinazotajwa hapo ni za kimo. Anayechukua kilo za mizani kwa mtu mnene anamrudisha kwenye lile kundi la 12 bila kujua.

Kipande kilichofuata ndicho kigumu, na ndicho kilichonifanya nianze kusoma usiku nikitoka zamu. Tulianza na shinikizo la mwisho wa pumzi, lile ambalo mashine huliacha kifuani ili vifuko visifunge, na ambalo wodini tunaliita PEEP, kwenye 5. Shinikizo la juu, la pumzi ikiwa imeshikiliwa ndani, lilikuwa 24. Oksijeni ya damu ilikwama 86, ingawa hewa tuliyompa ilikuwa karibu oksijeni tupu. Daktari akaanza kupandisha PEEP kidogokidogo: 8, 10, 13, 16. Kwenye kila ngazi alisubiri, akaangalia presha, akaangalia kidole. Ilipofika 16 lile shinikizo la juu lilisoma 31, na daktari kijana akasema tumevuka 30, mpaka wa usalama tunaofundishwa wote.

Jibu la daktari mkubwa nalikumbuka karibu neno kwa neno. Alisema namba ya mashine inapima vitu viwili kwa pamoja, mapafu na kile kinachoyakandamiza. Kwa mtu mwembamba kinachokandamiza ni kidogo, kwa hiyo 31 ni 31 ya mapafu. Kwa huyu mama, sehemu nzuri ya 31 inatumika kuinua kifua na kulisukuma tumbo chini, na kinachobaki kuyatanua mapafu yenyewe ni kidogo sana. Kwenye hospitali zenye vifaa hushusha mpira mwembamba wenye puto kwenye umio, wakapima shinikizo la nje ya mapafu, wakatoa moja kwenye nyingine. Sisi hatukuwa na puto. Akamwambia kijana atoe PEEP kwenye shinikizo la juu, kabla na baada. Kabla: 24 toa 5, ni 19. Baada: 31 toa 16, ni 15. Pumzi ileile ya mililita 325 ilikuwa inaingia kwa nguvu ndogo zaidi. Kama tungekuwa tunayapasua mapafu, pengo lingeongezeka. Lilipungua kwa sababu vifuko vilivyofungwa vilikuwa vimefunguka. Oksijeni ilikuwa 94.

Nami nilikuwa nimekodolea macho presha, kwa kuwa tangu chuoni nilijifunza kwamba PEEP ikipanda presha inashuka. Haikushuka. Baada ya muda tulianza kupunguza noradrenalini.

Kulielewa hilo kunahitaji kuutazama upande wa kulia wa moyo, ambao watu huusahau. Huo ndio unaosukuma damu mapafuni. Ukuta wake ni mwembamba, umeumbwa kwa kazi nyepesi. Mwaka 1946, huko Stockholm, von Euler na Liljestrand walionyesha kwa paka kwamba mapafu yakikosa oksijeni, mishipa yake hujibana. Ni busara ya mwili: damu isipotee kwenda mahali pasipo hewa. Lakini mapafu yakifungwa sehemu kubwa, mishipa mingi hujibana kwa pamoja, na moyo wa kulia unasukuma kwenye milango iliyofungwa. Kwa upande mwingine, mapafu yakijazwa kupita kiasi, vifuko vilivyovimba huiminya mishipa midogo inayopita kwenye kuta zake, na mzigo unarudi palepale. Mahali ambapo moyo wa kulia hupumzika ni katikati, pale mapafu yanapokuwa na ile akiba yake ya kawaida. Mtu mnene aliyelazwa na kupewa usingizi yuko chini sana ya mahali hapo. PEEP ya kutosha inampandisha kuelekea katikati. Timu ya Lorenzo Berra, Massachusetts General Hospital, Boston, imeonyesha hivyo miaka ya karibuni kwa wagonjwa wenye unene mkubwa: lile shinikizo kubwa linalotoka nje ya mapafu linayakinga yasitanuke kupita kiasi, na moyo unavumilia PEEP ambayo ingemwangusha mwembamba.

Eko ya moyo tuliifanya mara mbili, kwa taabu, maana mafuta huziba mawimbi ya sauti na ilibidi tutafute dirisha chini ya mbavu. Ya kwanza ilionyesha chumba cha kulia kimetanuka karibu kulingana na cha kushoto. Ya pili, asubuhi, chumba kile kilikuwa kimerudi nyuma waziwazi.

Nisieleweke kwamba kila mnene apandishiwe PEEP. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa wanene karibu 2,000 waliofanyiwa upasuaji, nusu wakiwekewa PEEP 12 na nusu 4. Matatizo ya mapafu baada ya upasuaji yalikuwa sawa, na waliopewa 12 walishukwa na presha zaidi. Hao mapafu yao yalikuwa mazima, na walipewa namba moja wote. Yule mama alipandishwa ngazi kwa ngazi, kila ngazi ikipimwa, na kama presha ingeporomoka kwenye 13 tungebaki 10 na kuangalia kama amepungukiwa maji au moyo wa kulia umezidiwa. Namba inatoka kwa mgonjwa. Ninalitetea hili kila nikiona mtu anapita na kurudisha PEEP kwenye 5 "kwa usalama" bila kukaa kitandani dakika kumi.

Siku iliyofuata nilimkuta binti yake mkubwa kwenye benchi la nje. Aliponiamkia nikamuuliza mama analalaje nyumbani. "Anakoroma, dada, halafu ananyamaza kabisa, sisi tunasubiri arudi." Mchana dukani husinzia mteja akiwa anapima kitambaa. Ndugu walidhani ni uchovu wa biashara. Pumzi yake ilikuwa ikikatika usiku kwa miaka, kila mara oksijeni ikishuka na mishipa ya mapafu ikijibana, ndiyo maana moyo wa kulia ulifika kwetu ukiwa umeshachoka. Mwaka 1956 madaktari wa Boston waliandika kuhusu mfanyabiashara mnene aliyepata karata nzuri sana mezani, akasinzia amezishika, akakosa kuzicheza. Akaenda hospitali kwa sababu ya hilo. Kwetu watu wa namna hiyo wapo kila mtaa, na tunawacheka kwenye daladala.

Maneno ya binti yalibadilisha matibabu. Damu ya mama ilikuwa na kabonidayoksaidi nyingi tangu zamani, na figo zilikuwa zimeshajirekebisha kwa kuhifadhi baikabonati. Kama tungemlazimisha kwa mashine afikie kiwango cha mtu wa kawaida, figo zingeimwaga akiba ile, na siku ya kutoa bomba asingeweza kujimudu. Tukamwacha karibu na kiwango alichokizoea.

Wakati huohuo niliwasikia wenzangu wakisema huyu hatoki. Halikuwa neno la chuki, lilikuwa la uchovu. Kumgeuza kunataka watu wanne, kitanda ni chembamba, ngozi ya mgongo inahitaji macho kila saa chache. Lakini tafiti kadhaa za wagonjwa wenye mapafu yaliyojeruhiwa zimekuta wanene hawafi zaidi ya wembamba, na baadhi zimekuta wanapona zaidi. Anayekata tamaa mapema hampandishii PEEP, hamgeuzi, hamkalishi, na akifa husema, nilijua. Niliwaambia hivyo, kwa sauti, mbele ya kitanda, kwa sababu sikuwa na hakika kama mama hasikii.

Kumtoa kwenye mashine tulikupanga kama tulivyopanga kumwingiza. Mashine ikiondoka, mvuto wa kifua unarudi, damu nyingi inarudi moyoni kwa ghafla, na chumba cha kushoto kilichokakamaa kinaweza kushindwa kuipokea, ikafurika mapafuni. Tulimpa dawa ya kupunguza maji siku ya kabla, tukamkalisha wima kabisa, miguu chini. Bomba likatoka, na barakoa ya kubana yenye shinikizo ikaingia palepale, bila kusubiri kuona kama atachoka. Aliivaa usiku wote. Asubuhi alipoivua kidogo kunywa uji, swali lake la kwanza lilikuwa nani ameshika funguo za duka.

Miezi baadaye alikuja kliniki, amepungua kiasi, ana mashine ya usiku ambayo wanawe walichanga kuinunua kwa shida. Anatakiwa kufanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye kizazi, hospitali nyingine, na anaogopa. Akaniomba nimwandikie karatasi kwa Kiswahili, binti yake aishike. Niliandika: Kimo changu ni sentimita 162, pangeni mashine kwa hicho. Mkanda wa kawaida wa presha haunitoshi. Pumzi yangu hukatika usingizini, mashine yangu ya usiku nimekuja nayo. Niwekewe bomba nikiwa nimeinuliwa, na litolewe nikiwa nimekaa. Daktari akaisoma, akatoa kalamu, akaongeza chini: mofini kidogo tu, na usiku wa kwanza asiachwe wodini bila kipimo cha oksijeni kidoleni.